Nilishangilia Mpira Ukitoka Nje

Kijana mmoja aliyeanza kazi kwangu juzijuzi alipanda lori asubuhi akiwa amejipaka dawa ya kuchua misuli, ile inayonukia mnanaa na majani ya mkalitusi, na mimi niliyekuwa nimekwenda kumfokea kwa kuchelewa nikabaki nimesimama kwenye ngazi ya lori, nimelisahau hata neno la kwanza la kumfokea. Akaniuliza, "Bosi, uko sawa?" Nikamwambia aondoke, nyama haimngoji mtu. Akaondoka. Harufu ikabaki imening'inia pale yadini, na mimi nikabaki nayo kama mtu aliyeshikwa mkono na mtoto asiyemjua.

Mimi sikusoma, na sioni aibu kulisema. Nyinyi wa rika langu mliokulia huku magharibi mwa Sydney mnaukumbuka ule mwaka, miongo kadhaa iliyopita, shule zilipofungwa na masomo yakahamia kwenye simu. Kwetu simu ilikuwa moja, na simu ile iliondoka alfajiri kwenda kazini na mama. Basi shule nayo ikaenda kazini na mama, mimi nikabaki na dirisha. Shule zilipofunguliwa tena wenzangu walikuwa wameshafika mbali, na mimi nilikuwa nimezoea kujifunza mambo kwa kuyatazama. Kila nilicho nacho leo, haya malori yenye friji, hii yadi, hili jina langu ubavuni mwa milango, nimekipata kwa kutazama. Lakini kipo kitu kimoja nilikitazama msimu mzima nikakielewa vibaya tangu mwanzo hadi mwisho, na mpaka leo nikikikumbuka huwa ni kama nimelala macho wazi.

Tulikuwa watatu katika flati ya Guildford, ghorofa ya juu, upande unaosikia treni: mama, mimi, na mjomba Safari, mdogo wake mama. Tulitoka Fizi, kule Kongo, tukavuka ziwa, tukapita kambi ya wakimbizi, na kambini tukamwacha baba chini ya udongo mwekundu. Homa ilimchukua. Watu wazima walikuwa na maelezo yao, maji machafu na dawa zilizokwisha, na mimi nilikuwa na yangu. Kule nyumbani mtoto akishikwa na homa isiyotoka, bibi alitwaa gunzi la muhindi, akalipitisha juu ya mwili wake, kichwani, kifuani, miguuni, polepole kama anampaka mafuta. Kisha akaenda nalo hadi njiapanda. Hapo aligeuka, akayapa mashamba mgongo, akalirusha gunzi juu ya kichwa chake, akarudi bila kuangalia limeangukia wapi. Ukiangalia, ugonjwa unarudi nawe kama mbwa aliyeitwa jina lake. Mimi mwenyewe nilitupiwa hivyo, nami namkumbuka bibi akirudi na mikono mitupu, anaimba, na jasho langu limeshapoa. Bibi hakuvuka ziwa nasi. Kambini hakuwapo wa kumtupia baba. Hivyo ndivyo nilivyolielewa jambo lile, na sikumwambia mtu, kwa sababu mama alikuwa ameokoka na mambo ya gunzi aliyaita mambo ya giza.

Katika mlango uliotazamana na wetu alikaa Mutua. Alikuwa Mkenya, mrefu, mwembamba, muuguzi katika hospitali kubwa, na alicheka kwa kukohoa, jambo lililowatisha watu mwaka ule. Siku za kazi aliondoka na nguo za buluu za wodini. Jumamosi aliondoka na kaptula nyeupe na filimbi shingoni, kwa sababu alikuwa refa wa pembeni katika ligi ya mpira wa Australia, si ile kubwa inayoonyeshwa kwenye televisheni bali daraja la pili, ya mafundi bomba na madereva na walimu. Daraja la pili halina watu wa kutosha. Kila klabu inaleta mtu wake wa kukimbia kwenye mstari, na klabu ya mtaani kwetu ilimleta yeye. Ndiye aliyemtia mjomba Safari kwenye timu. Alimwona siku moja akikimbilia treni ya kwenda Minto, alikokuwa akipakia mizigo kwenye ghala, akamfuata hadi kwenye jukwaa la stesheni.

"Wewe, hizo mbio unazipeleka wapi?"

"Kazini."

"Aki, unazimaliza bure. Zilete Jumamosi."

Mjomba akazipeleka. Nasi tukamfuata, mimi na mama, siku ambayo mama hakuwa na shifti katika nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha. Nyasi zilikuwa na umande. Kasuku weupe walikuwa wanatembea uwanjani kama wenye uwanja wao. Kitunguu kilikuwa kinaungua kwenye bati la kukaangia soseji, na kutoka chumba cha kubadilishia nguo harufu ile ya mnanaa ilitoka kwa wingi hata nikadhani wanaume wanapikwa humo ndani. Kisha wakatoka, wanang'aa mapaja, wakaingia katika uwanja usio na pembe, duara tupu, wakaanza kugombania mpira ulioumbwa kama papai.

Nilitazama kwa makini, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Magoli yalikuwa milingoti minne mirefu bila wavu. Ukipitisha katikati unapata pointi sita. Ukikosa kidogo, mpira ukapita pembeni, unapewa pointi moja. Nilimuuliza mjomba baadaye kama kweli nchi hii inamlipa mtu kwa kukosa, akasema ndiyo, ndiyo maana tulikuja. Nyuma ya milingoti alisimama mzee wa nguo nyeupe, na kila goli likiingia alipepea vibendera viwili vyeupe. Kwetu kitambaa cheupe maana yake ni usinipige, nimeacha. Nikaona watu wanasalimu amri kila baada ya dakika chache halafu wanaendelea kugongana, nikawahurumia.

"Batu hawa banacheza ao banapigana?" mama akauliza.

Mutua alikuwa anapita mbele yetu, anakimbia mstarini. "Yote mbili, Mama Neema!" akajibu bila kusimama.

Halafu mpira ukatoka nje, ukabingirika hadi karibu na miguu yetu. Mutua akapuliza filimbi, akauokota. Wanaume wote wakasimama. Uwanja mzima ukanyamaza, nikasikia treni mbali upande wa Merrylands. Mutua akasimama juu ya mstari. Akageuka. Akaupa uwanja mgongo, akainama hadi mpira ukakaribia nyasi, akajinyosha na kuurusha juu ya kichwa chake, juu sana, nyuma, kule asikokuona. Wala hakugeuza shingo mpaka iliposikika miili ya watu wawili warefu ikigongana hewani.

Mwili wangu ulipoa kama ulivyopoa siku ile ya gunzi. Kumbe! Mwaka mzima watu walikuwa hawazungumzi kingine ila ugonjwa. Redio ilikuwa ugonjwa, kanisani ugonjwa, mlango wa duka ulikuwa na ugonjwa umechorwa kwenye karatasi, mpira wenye miiba. Na huyu hapa mtu wa hospitali, anayeshinda na wagonjwa wiki nzima, Jumamosi anavaa nyeupe, anakuja mahali pa wazi, anaupa umati mgongo na kutupa. Sikuwa na shaka hata kidogo. Wazungu walikuwa na njiapanda yao, nayo ilikuwa duara. Niliwaheshimu kuanzia hapo.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, mama. Wazee aliowalisha walikuwa wanakohoa. Alirudi jioni na alama za barakoa usoni kama mtu aliyelalia kamba, nami nililala nikisikiliza pumzi yake ukutani, maana nilishamzika mzazi mmoja na nilijua jinsi kunavyokuwa kimya baadaye. Sasa nilikuwa nimepata dawa. Ilibaki kuhakikisha mama anagusa mpira kabla haujatupwa, kama gunzi linavyopita mwilini.

Basi kila Jumamosi nikamvuta mkono. Nilikuwa nimesoma uwanja wetu kama wengine wanavyosoma kitabu. Upande wa miti ya mkalitusi palikuwa na mteremko mdogo, na mipira mingi ilitokea hapo. Mama alitaka kukaa karibu na jiko la soseji kwenye jua. Nikamwambia huku ndiko mjomba anakimbilia. Mpira ukija, ili mwingine yeyote asiuguse, nilisimama mbele kama mlinzi, nikamwambia mama, "Chukua, chukua weye!" Naye kwa aibu aliuchukua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga wa watu, akampa Mutua.

"Asante, Mama Neema. Ukiendelea hivi nitakupa filimbi."

"Miye? Filimbi ya kupulizia nani? Kwanza funga kamba ya kiatu, utaanguka mbele ya batu."

Mutua anacheka kikohozi chake, anageuka, anatupa. Nami nilifumba macho nisione umeangukia wapi, nikaruka na kupiga makofi. Mpira ukitoka nje nilishangilia kuliko mtu yeyote uwanjani. Ukikaa katikati, mjomba Safari akiupata akakimbia nao, akaupiga kati ya milingoti, watu wakapiga honi za magari yaliyoegeshwa kuzunguka uwanja, mimi nilinuna.

Siku moja tumeshinda kwa mbali, mjomba akaja ananuka dawa na matope, akanisimamia.

"Neema, weye uko upande gani?"

"Wako."

"Wangu? Minapiga goli, unanuna. Minapoteza mupira inje, unashangilia! Wenzangu banauliza kama huyu mutoto ametumwa na timu ya Quakers Hill."

"Mwache," mama akasema. "Anapenda mupira."

Nilipenda. Ule msimu ulianza majani yakiwa makavu, ukaingia kwenye baridi, na timu yetu ikapanda hadi juu ya jedwali. Watu walianza kusema fainali. Mjomba, ambaye kambini hakuwa akitazama mbele zaidi ya kesho, akaanza kutaja mwezi wa tisa. Aliosha viatu vyake vya mpira kwa mswaki. Alimwambia mama kwamba siku ya kombe lazima aombe ruhusa kazini, avae kitenge kile cha njano, watu wajue mchezaji ametoka kwa nani. Mama alisema ataona. Na mama wiki baada ya wiki alikuwa mzima, mashavu yakimjaa, na mimi nilijua kwa nini, nikatembea mtaani kama mtu anayeshikilia kuta za nyumba zisianguke na hakuna anayejua.

Kisha serikali ikafunga mji. Kwanza walisema kidogo tu. Kisha kidogo kikawa kirefu, na mitaa yetu ikafungwa kuliko ya watu wengine. Wa ufukweni walikuwa wanaogelea, sisi tuliambiwa tusitoke mbali na mlango, na jioni helikopta ilizunguka juu ya paa za Guildford ikitazama nani yuko bustanini kwake na nani yuko kwa jirani. Nilikuwa naijua sauti ile tangu zamani, nikawa najificha chini ya meza, na mama ananivuta miguu akinicheka ili nisione kwamba yeye pia alitaka kuingia. Uwanjani walifunga geti kwa mnyororo. Mjomba aliendelea kupiga push-up sebuleni mpaka siku ujumbe ulipoingia kwenye simu: ligi imefutwa. Hakuna fainali. Hakuna kombe kwa mtu yeyote, hata aliye juu ya jedwali. Aliusoma kwa sauti, akavitia viatu kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

"Mwaka kesho," mama akamwambia.

"Ndiyo, yaya. Mwaka kesho," akasema mjomba; kwetu yaya ni dada mkubwa.

Walidhani nami ninalia kwa ajili ya kombe. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikamngoja Mutua arudi kutoka zamu. Alipanda polepole, barakoa imening'inia sikio moja.

"Anko, sasa mtatupia wapi?"

"Kutupa nini?"

"Mpira."

"Hakuna mpira, Neema. Imefungwa." Akaingia kwake. Nilimsikia akianguka kitandani na viatu.

Nyumba ya wazee haikufungwa. Mama aliondoka kila alfajiri kama kawaida, na sasa hakukuwa na Jumamosi ya kumfuta wiki. Nilimtazama kama mtu anavyotazama ndoo inayojaa. Asubuhi moja hakuondoka. Alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, anavuta pumzi kwa mabega. Akasema chai haina harufu. Mjomba akapiga simu, na wakaja watu wawili waliovaa plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni, kama waliofungwa ili wasinyeshewe, wakamtembeza mama hadi chini. Hawakuturuhusu kumgusa. Kwenye ngazi aligeuka akasema, "Neema, maharage iko ndani ya friji. Isiharibike." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na mimi nikayashika siku zote zilizofuata, nikayala yale maharage yote, hata yalipochacha.

Mimi na mjomba tukafungiwa ndani. Askari wa jeshi walikuja wakabisha mlango, mjomba akasimama mbele yangu na mikono juu kidogo. Hawakuwa na bunduki. Waliuliza kama tuna chakula. Walipoondoka mjomba alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema ahadithie nani, askari amebisha mlango akauliza kama umekula.

Mutua alituletea mkate na maziwa, anaviweka mlangoni, anarudi hatua kadhaa, anaongea nasi akiwa amekaa kwenye ngazi. Ndiye aliyetuambia, maana mama alikuwa amepelekwa hospitali yake, wodi ileile. Alisema yuko kwenye oksijeni. Alisema hawezi kuongea, na kwamba kesho ndiyo itasema. Mjomba akaingia ndani kuomba. Mimi nikabaki pale mlangoni, nikafanya kile ambacho sikuwahi kufanya: nikamwambia mtu mambo ya bibi. Gunzi, njiapanda, baba, mama na mteremko wa mikalitusi, yote. Nikamwambia mpira upo, wa mazoezi, chini ya kitanda cha mjomba. Mama aliushika juzi alipokuwa anafagia. Autupe tu. Pale kwenye kamba za kuanikia nguo panatosha.

Mutua alijifuta uso kwa mkono. Alikuwa amechoka hadi ngozi ya chini ya macho ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Ndio maana ulikuwa unanifumbia macho?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Neema, sikiza. Nageuka mgongo ili nisione nani amesimama wapi. Nikiona nitampendelea mtu. Unaelewa? Mpira lazima uende kwa kila mtu sawa. Basi. Hakuna kitu nilikuwa natupa."

"Lakini mama alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima kwa sababu alikuwa mzima." Akaitazama mikono yake. "Kama kungekuwa na kitu cha kutupa, mimi ningekuwa natupa usiku na mchana. Ningekuwa nimeng'oka mabega. Kuna watu leo nimewafunga macho kwa mkono huu."

Angeweza kunidanganya. Mara nyingi nimefikiri juu ya hilo, mimi niliyedanganywa na wengi kwenye biashara. Mtu mzima aliyechoka, mtoto anamwomba arushe mpira, ilikuwa rahisi aurushe na aende akalale. Akanipa ukweli, na ukweli ule ulikuwa mbaya kabisa. Nilielewa kwamba ule mgongo haukuwa ukimlinda mama wala mtu yeyote. Nilikaa chini palepale mlangoni.

"Utoto gani huu Mungu amekupa," akasema, si kwangu hasa. Kisha akasimama, akashika ukuta. "Kutupa siwezi. Lakini simu naweza kushika. Kesho niko zamu. Nitamwekea simu sikioni, uongee. Wanasikia, hata wakiwa wamefumba macho. Ongea kitu kirefu, usilie tu. Watu wa nyumbani wakilia tu, mgonjwa anachoka."

Kitu kirefu. Sikuwa na kitu kirefu. Mjomba alimsomea zaburi, kisha akanipa simu, na ndani ya simu kulikuwa na sauti ya mashine ikipuliza kama mtu anayechochea makaa yasiyoshika. Nikasema, "Mama, ni mimi." Makaa. Nikasema, "Maharage nimekula." Makaa. Ndipo nikasema, "Mama, leo ni fainali."

Sijui ilitoka wapi. Nikamwambia uwanja wenyewe, kasuku wanavyofukuzwa, watu wamevaa makoti, yeye amevaa kitenge cha njano na kila mtu anageuka. Nikamwambia tunasimama upande wetu, wa mteremko. Filimbi imelia. Mchezo ule una robo nne, na robo ya kwanza niliisimulia siku nyingi, kwa sababu kila mara mjomba akipata mpira niliutoa nje. Ukweli wa Mutua nilikuwa nao kifuani, lakini ulimi wangu ulikuwa haujauamini. Unatoka, unabingirika, mama anauokota, anampa refa, refa anageuka, anatupa. Unatoka tena.

"Neema," nikasikia sauti ya Mutua katikati ya mashine, imezibwa na barakoa na kioo cha plastiki, "huo mpira umetoka mara nyingi sana. Refa anaumwa mgongo. Uache uchezwe."

"Ukikaa ndani je?"

"Ukikaa ndani, watu watacheza. Mama yako anataka kuona ndugu yake akicheza. Muulize."

Sikumuuliza. Niliuacha mpira ndani. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka ule, na nimefanya magumu. Nikamwacha mjomba Safari aushike katikati ya uwanja, mbali kabisa na mama, mbali na mkono wa mtu yeyote wa kumsaidia, nikamwacha akimbie nao kama anavyokimbilia treni ya Minto, anaudundisha, wanamrukia, anapenya, anainua kichwa, anapiga. Nikasikia honi za magari, za uongo, nilizipiga kwa mdomo. Mzee wa nguo nyeupe akapepea vitambaa vyake viwili.

Makaa. Kisha Mutua akasema, "Amekunja kidole. Kile kidogo. Endelea."

Niliendelea. Robo ya pili, robo ya tatu. Siku nyingine nilimkuta Mutua hayupo, akashika simu mwanamke ambaye sikuelewa Kiingereza chake wala yeye Kiswahili changu, na nikasimulia hivyohivyo, naye akasema gud, gud, pale aliposikia sauti yangu inapanda. Mjomba alikaa kitandani nyuma yangu akisikiliza mambo aliyoyafanya kwenye mechi ambayo haikuchezwa. Mwanzoni alinisahihisha. "Hapo singepiga kwa mguu wa kushoto." Baadaye aliacha, akawa anasikiliza tu, kidevu juu ya magoti, na nikimpa goli anatazama dirishani kama mtu mwenye haya. Naamini msimu wake uliisha pale kitandani, si kwenye ule ujumbe wa simu.

Robo ya tatu ilikwisha tuko nyuma kwa pointi moja. Nilikuwa nimeipanga hivyo makusudi, ili kuwe na kitu cha kukesha nacho. Kesho yake walimtoa mashine. Siku chache baadaye gari lilimshusha mbele ya jengo, amekonda hadi koti linamning'inia kama limeanikwa, akapanda zile ngazi akikaa chini kila baada ya chache, mjomba anamfuata nyuma na mikono imetandazwa. Akafika. Akakaa kwenye kochi. Akaifungua friji kwa macho tangu pale alipokaa, akaona uchafu wote tulioufanya. Nikamletea chai. Alinusa kikombe kwanza, kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

Sauti yake ilitoka kama kitu kinachoburutwa kwenye mchanga.

"Neema. Robo ya ine?"

Mjomba akanitazama. Alitaka kombe lake, nililiona usoni kwake, mtu mzima kabisa. Nami nilikuwa nalo mdomoni, limekamilika, na kitenge cha njano kinabebwa juu ya mabega ya watu. Lakini mama alikuwa bado anavuta pumzi kwa mabega. Nilikuwa nimeambiwa na mtu niliyemwamini kwamba hakuna cha kutupa na hakuna wa kutupiwa, na hilo nililikubali, ninalikubali hadi leo, nalipa bima za malori yangu kama mtu yeyote mwenye akili. Ila kupuliza filimbi ya mwisho kwa mdomo wangu mwenyewe, hapana.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Bado wanacheza, mama."

Sasa anaishi kwangu, katika chumba kinachopata jua la asubuhi, na wazee wenzake wengi wameshaondoka, na Safari pia. Mambo mengi ameyasahau. Wajukuu zangu anawachanganya majina, na wao wanamjibu Kiingereza, wanaelewana vizuri tu. Lakini jioni nikirudi kutoka yadini, nikikaa ukingoni mwa kitanda chake nikivua viatu, mara moja moja hunishika mkono.

"Ile mechi iliisha?"

"Bado, mama."

Hufikiri kidogo, akitazama dari kana kwamba kuna watu wanakimbia huko juu.

"Basi bape mayi," husema, akinisogezea bilauri yake ya maji. "Bamechoka, batoto ya batu."